Nani Kakuambia Upungue?

— Umekuja kukagua kazi yako?

Mama mkwe wangu mtarajiwa alisema bila kugeuka, pini zimebanwa midomoni. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mchumba wangu, anabana kiuno cha gauni la harusi. Chumba chake cha kushonea kilinuka mvuke wa pasi, na vipande vya kitambaa cheupe vilitapakaa mpaka mlangoni.

— Kazi yangu mikate, Mama. Gauni ni lako.

— Mikate unayo, na mchumba wako mifupa mitupu. Hongera.

Mchumba wangu alinitazama kwenye kioo. Macho yake yalisema ninyamaze. Joto siku hiyo lilikuwa la kuvua shati, lakini mikono yake ilikuwa imesisimka kwa baridi, na juu ya ngozi palikuwa na vinyweleo laini ambavyo sikuwahi kuviona kwake.

— Unalipunguza tena? Juzi si lilimkaa vizuri?

— Nisilipunguze, aende kuolewa amevaa hema?

— Mama, huyu mtoto anaisha.

— Wa kuniambia hivyo ni wewe? Toka. Toka kabla sijakuchoma na hii pini.

Mchumba wangu alinifuata nje, kanga mabegani.

— Usibishane naye, mpenzi. Ana presha.

— Anakunyima chakula?

— Anataka gauni likae anavyotaka yeye. Ni fundi, heshima yake iko hapo. Tukishaoana nitakula kwako mpaka unifukuze.

Alicheka. Na mimi nikacheka, nikamwachia mkate wa maziwa niliotoka nao kiwandani. Ndivyo tulivyoishi. Mimi na mama yake hatukupendana tangu mwanzo, kwa hiyo maneno yote kati yetu yalipita kwa mchumba wangu. Yeye ndiye aliyebeba salamu, na yeye ndiye aliyebeba matusi.

Siku aliyoanguka alikuwa amekuja kazini kwangu. Alisimama kushika mlango wa oveni, akateleza taratibu kama nguo inayotoka kwenye hanga. Tulimlaza juu ya magunia ya unga. Kichana chake kilidondoka kutoka mkobani, kimejaa nywele. Nilichukua simu yake, nikampigia mama yake kwa mara ya kwanza.

— Mama, binti yako kaanguka hapa kwangu.

— Umemfanya nini?

— Mimi? Wewe ndiye unayemshindisha njaa ili aenee kwenye gauni lako.

Nilisikia cherehani ikinyamaza.

— Nani kasema?

— Yeye.

— Mwanangu nampakulia kila siku. Anasema kashashiba kwako. Anasema umemwapia asipopungua, harusi hakuna.

— Sijawahi kusema hivyo.

— Unaniita mwongo?

— Hapana, Mama. Nakuambia sijasema.

Mchumba wangu alikuwa ameamka. Alikuwa anatusikiliza, midomo imekauka.

— Kata simu — akaniambia.

— Nani kakuambia upungue?

— Hakuna.

— Mbona ulituambia...

— Mlikuwa mnagombana vizuri tu. Mkigombana nyinyi, hakuna anayeniuliza nimekula nini.

Hospitali tulikwenda watatu kwenye teksi moja. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alimpima, akamuuliza kuhusu hedhi.

— Imekatika zamani — akajibu mchumba wangu. — Nilifikiri ni mawazo ya harusi.

— Moyo wako unapiga polepole mno. Madini ya damu yameshuka. Huu ugonjwa unaitwa anoreksia nevosa. Akili inakuambia wewe ni mnene hata ukibaki ngozi, na mwili ndio unaolipa.

— Ugonjwa gani wa kukataa chakula? — mama akadakia. — Huo ni ukaidi. Ni hizo picha za kwenye simu.

— Mama, ukaidi hausimamishi hedhi — daktari akasema.

— Kwetu hayapo hayo.

— Yapo. Wanakuja hapa wamezirai, tunawatibu vidonda vya tumbo na upungufu wa damu, wanarudi nyumbani. Kwa hiyo hawahesabiwi. Wasichana wengi, na wavulana wapo. Katika magonjwa ya akili, huu ni kati ya yanayoua sana. Nataka alazwe leo.

— Baada ya harusi — akasema mchumba wangu.

— Harusi naiahirisha — nikasema.

Alinitazama kama nimemtemea mate.

Hakulazwa. Jioni ukaja ujumbe wake:

“Umeshinda wewe na mama. Pete yako nimeiacha kwa mlinzi wa kiwandani. Usinitumie tena mkate wala salamu.”

Nikamjibu:

“Mkate nitaacha. Salamu siwezi.”

Mama yake naye akanipigia, akanitukana mimi na oveni yangu. Kwamba nimemwaibisha mwanawe, kadi zimeshagawiwa, nimepata mwingine. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

— Mama, umemaliza? Mpeleke hospitali.

— Hataki.

— Mbebe. Ni mwepesi.

Akakata simu.

Alimbeba kweli, lakini wakati huo binti alikuwa ameshashindwa hata kuinuka chooni. Wodini nilimkuta na mrija puani, amegeukia ukutani.

— Mmenikalia kama polisi.

— Ndiyo.

— Nakuchukia.

— Sana?

— Sana.

— Sawa. Nichukie, lakini kula hiki kijiko.

Alikula. Kesho yake akala tena huku ananitukana, na mama yake amekaa upande wa pili, kitambaa mdomoni. Daktari alituonya kwamba moyo ulikuwa umechoka na chakula chenyewe lazima kirudi taratibu. Tulifikiri tumewahi. Alfajiri moja mama yake alinipigia: mwanawe hakuamka.

Msibani nilisimama karibu na geti. Shangazi wa marehemu aliniona.

— Ana sura ya kuja hapa? Kaahirisha harusi, mtoto kafa kwa majonzi.

— Mwacheni — mama akasema kutoka ndani.

— Wifi, tulia. Tutasema ni vidonda vya tumbo, inatosha. Watu wataongea.

— Waongee. Mwanangu hakufa kwa majonzi.

Alitoka, akanishika mkono mbele za watu.

— Mkwe wangu, waambie. Usiwapambie.

Hakuwahi kuniita hivyo binti yake akiwa hai. Niliwaambia jina la ugonjwa na jinsi ulivyomla, na kwamba alitudanganya wote wawili kwa sababu ugonjwa ulimtaka adanganye. Shangazi alifunika uso kwa mtandio. Watu waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja aliyekaa na binti yake mkubwa akauliza kwa sauti ndogo:

— Na mwenye mgonjwa wa hivyo, afanye nini?

— Ampeleke hospitali leo — nikasema.

— Akikataa? Akinichukia?

Mama mkwe wangu akamjibu.

— Atakuchukia. Mpeleke.