Aliyepima Kivuko cha Nyamhela

Pantaleo aliingia mtoni akiwa amefungwa kamba kiunoni, akatamka vipimo vitatu: goti, kiuno, kifua. Hapo akageuka, akarudi. Lakini daftari la mkewe Philomena, aliyekaa ukingoni akiandika kila alichosikia, lilikuwa na kipimo cha nne.

"Shingo?" Pantaleo alisoma huku akijikausha. "Nani kakwambia shingo?"

"Wewe."

"Mimi nimeishia kifuani, Mama Limi. Tazama, hata makwapa hayajalowa."

"Basi nimesikia vibaya. Twende, mtoto ana njaa."

Ilikuwa mwaka 1948, naye Pantaleo alikuwa seremala pale Kahama, amerudi kutoka vita vya Burma miaka miwili nyuma. Kapteni mmoja mstaafu, Mzungu wa mgodini upande wa Geita, alimwagiza mfano wa kivuko cha Nyamhela kama kilivyokuwa siku jeshi lilipovuka kumfukuza Mjerumani katika vita vya kwanza vya dunia. Alitaka mto, kingo na askari wa udongo wasiozidi urefu wa kidole, kila kitu sahihi. Akiridhika, Pantaleo angepata kazi ya kudumu katika karakana ya mgodi. Kwa hiyo kwa wiki tatu alikuwa akihoji wazee, akihesabu hatua za kingo na kupima maji.

"Umepigana Burma, umerudi kufinyanga," Philomena alimtania. "Limi ana miaka mitano, naye ameshaacha."

"Ngoja nianze kazi mgodini, ndipo uniite mfinyanzi."

Alichonga mto kwenye ubao wa upana wa mlango, akaupaka lami usivuje, akauweka mezani na askari wa udongo kingoni, akatia maji ya kina cha vidole vitatu. Adhuhuri ile ile mbwa wao alikutwa amekufa chini ya meza. Taya lilikuwa limepasuliwa, na koo limejaa tope. Nyumba nzima ilinuka kambare na majani yaliyooza, wakati mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Kisha sauti ya mwanamume ikasema, taratibu, kutoka mezani: "Goti."

Limi alianguka uani. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda majini, na juu ya vifundo palikuwa na alama za vidole vinene.

Pantaleo alishika shoka auvunje ule ubao. Shoka halikushuka. Mkono wake ulizungushwa nyuma ya mgongo na kitu ambacho hakuna aliyekiona, ukazungushwa tena, mfupa ukalia kama kuni kavu, naye akatupwa ukutani hadi udongo wa ukuta ukamwagika.

"Kiuno," ile sauti ikasema, na Limi akapiga yowe.

Philomena hakukaa kulia. Alimfunga mumewe mkono kwa kitenge, akakimbia kwa mzee Bujiku, mfumu, yaani mganga, aliyewahi kuwa mpagazi wa jeshi na ndiye aliyemwonyesha Pantaleo kivuko.

"Shikamoo, babu. Umemwonyesha nini mume wangu pale mtoni?"

"Marahaba, mayu." Mzee alinong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma, hakumtazama. "Amepima kwa kutamka?"

"Ametamka, na kuna aliyemwitikia."

Bujiku alikaa chini. "Siku ile jeshi lilipovuka, tulimfunga kamba mwenzetu, Makoye, tukamsukuma majini atupimie. Ndivyo walivyopima mito, kwa mpagazi. Goti, kiuno, kifua. Alipofika shingoni alilia tumvute. Mkubwa akasema bado. Mimi ndiye niliyeshika kamba, mayu. Niliogopa kiboko, nikaiachia. Jini la mto lilimchukua, na tangu hapo linapima kwa sauti yake."

"Likifika utosini?"

Mzee alinyoosha mkono, akavuta kamba ya katani iliyokuwa kando yake.

"Basi inuka. Safari hii hutaachia."

Walipofika, Limi alikuwa amelala kando ya meza akitapika maji machafu, na sauti ilikwisha kusema kifua. Bujiku alimfunga mtoto kamba ya katani kiunoni, akajifunga ncha ya pili viganjani, akamwita Makoye kwa jina. Ubao ukaanza kutetemeka. Wale askari wa udongo walianguka mmoja mmoja majini bila kutoa hata povu, halafu ile sauti ikanguruma "Shingo!" na kamba ikavutwa kwa nguvu ya ng'ombe kumi, Limi akaburutwa hewani kuelekea kile kijito cha vidole vitatu, na Bujiku akavutana nacho, katani ikamkata viganja hadi mifupa ikaonekana, damu ikatiririka kwenye kamba, bega lake la kulia likachomoka, kisha la kushoto, naye bado akipiga kelele "Siachii, Makoye, siachii!" mpaka mtoto akaangukia sakafuni kwa kishindo, na yeye mzee akatupwa kifudifudi juu ya ubao, uso wake ukazama, na ingawa Philomena alimshika miguu na kumvuta kwa nguvu zake zote hakuweza kumwinua, na mzee alipoacha kurusha miguu, alikuwa amekufa maji.

Philomena aliinama amchukue bintiye. Hakuweza. Pantaleo alisaidia kwa mkono mmoja, wote wawili wakahema, mtoto hakusogea. Alikuwa na uzito wa mwanamume mzima aliyelowa.

Limi alifumbua macho.

"Asanteni kwa kunivuta," alisema kwa adabu, kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikitamka vipimo. "Nilikuwa nimechoka kusimama."

"Mama Limi," Pantaleo alinong'ona, "huyu si..."

"Naona." Mikono yake ilikuwa tayari ikifungua kamba viganjani mwa maiti. "Mwanangu yuko wapi?"

Kile kiumbe kiliinua kidole kidogo, kikaonyesha mezani.

Philomena alijifunga kamba kiunoni, akakaza fundo mara mbili. Ncha ya pili akamzungushia mumewe kwenye mkono uliobaki mzima.

"Baba Limi. Mvua inyeshe, mkono ung'oke, usiachie. Ukiachia nitarudi kukutafuta."

Alipanda juu ya meza, akamsogeza mzee pembeni, akatia mguu katika yale maji ya vidole vitatu. Uliingia mpaka pajani, na chini haukugusa kitu.