Manowari ya Mabegani

Saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa vioo juu ya kilima cha Kigoma, Ziwa Tanganyika zima lilikuwa limewekwa juu ya meza. Si picha, jamani, wala si mchoro. Maji yalikuwa yakitikisika, mawimbi yakigonga ukingo wa meza, na ukitega sikio unasikia ndege. Huo ndio mtambozama ukiwa kazini, mtambo uliomeza kila barua, kila daftari la safari na kila ramani iliyosalia duniani, ukaweza kukuonyesha siku yoyote ya zamani uitakayo. Na si siku zilizokuwapo tu. Ukiuambia, "Tuseme mambo yangekwenda vingine," unakwenda nayo hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka uuzime.

Mbele ya meza alisimama Nyamizi Kasanda, msanifu wa meli, mwanamke wa miaka arobaini na miwili aliyechomeka kalamu tatu kwenye nywele huku akiitafuta ya nne. Kazi yake ilikuwa kusanifu manowari za majeshi ya wanamaji ambayo hayakuwahi kuwapo. Usicheke. Katika mwaka huo wa 2146 watu waliipenda kazi hiyo kama wanavyopenda mpira. Unabuni historia yako, unachora chombo chako, kisha mtambozama unakichunguza na kukupa hukumu. Ukisema "Yumkini," maana yake meli ile ingewezekana kweli kweli. Ukisema "Si yumkini," kusanya karatasi zako urudi nyumbani.

Nyamizi alikuwa amebuni Shirikisho la Unyanyembe, taifa huru lenye makao yake Tabora, ambalo mwaka 1897 linahitaji manowari moja ya mvuke kulilinda ziwa. Na safari hii haikuwa mchezo tu. Baraza la Maziwa na Pwani lilikuwa limeahidi kuitoa meli moja kwenye nuru ya mtambo na kuijenga kwa chuma cha kweli, roboti wakipiga kila ribiti, misumari ya kuungia mabamba. Mara iliyopita pwani ndiyo iliyojengewa, kwa hiyo sasa zamu ilikuwa ya ziwa. Lakini chombo cha ziwa kilipaswa kupata Yumkini kabla ya kesho saa sita mchana. Kisipopata, zamu inarudi pwani, na meli nyingine haijengwi mpaka ipite miaka kumi.

Mtu wa pwani aliyekuwa akiingojea zamu hiyo alikuwa ameketi pale pale ukumbini, anakula karanga. Huyo ni Pazi Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, msanifu mwenzake na mtani wake. Wazaramo na Wanyamwezi, kama ujuavyo, wanataniana tangu enzi za misafara, na Pazi alikuwa amepanda treni kutoka Dar es Salaam ili tu aje kumcheka kwa karibu.

"Si yumkini," ukasema mtambozama. "Reli imefika ziwani bila mtu wa kuijenga."

Pazi nusura apaliwe na karanga. "Reli! Mwaka wa kwanza ulichimba mfereji. Wa pili ukafundisha tembo. Sasa reli! Mnyamwezi mzima unaogopa mzigo? Mabega mlipewa ya nini?"

"Nyinyi mlipewa midomo, na mbona hamwipumzishi?"

Walicheka wote wawili, lakini Nyamizi alichomwa moyoni. Utani ule ulikuwa umegusa penyewe. Mmoja wa mababu zake wa kale alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya wengine kutoka pwani mpaka bara, na shuleni walimwita "binti wa mzigo" mpaka akauchukia hata mkoba wake. Ndiyo maana kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta njia yoyote ya kufikisha meli ziwani, ilimradi tu mpagazi asionekane.

Pazi aliona uso wake ukibadilika, akaweka karanga chini. "Haya, mtani, tuache masihara. Hakuna chuma kilichofika huku bila mabega yenu, na wewe unajua. Weka wapagazi. Na siku chombo chako kikijengwa, bamba la mwisho nitalibeba mimi, Mzaramo, kutoka Ujiji mpaka chelezoni Kigoma, meli inakoundwa, kwa miguu yangu hii."

"Nimekusikia. Na ukuta umesikia."

Nyamizi akashusha pumzi, akaweka wapagazi.

Alasiri ile meza iligeuka kuwa bara zima. Msafara ukatoka Bagamoyo, kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele na manyoya yake kichwani, ngoma zikilia, watu wadogo wa nuru wakiimba na mabamba ya chuma mabegani. Nyuma yao lilikuja boila la manowari, tani sita kwa mkupuo, juu ya gari la magurudumu, likivutwa na watu mia na ishirini. Pazi alikuwa amesimama juu ya kiti akiwashangilia kama yuko uwanjani. Kwenye mpando wa milima ya Rubeho kamba ikakatika. Gari likarudi nyuma. Pazi akashuka kitini polepole. Msafara ukajikusanya, ukaendelea, ukapita nyika isiyo na maji, ukavuka Malagarasi, ukafika. Meli ikaungwa, ikashushwa majini, ikatoa moshi. Ilikuwa nzuri, maashallah.

"Yumkini," ukasema mtambozama.

"Umenipiga!" Pazi alipiga paja. "Umenipiga, Mnyamwezi wewe! Hongera!"

Nyamizi alikuwa akisoma maandishi madogo chini ya hukumu: Walioondoka 1,212. Waliofika 1,057.

"Kwa nini unasema yumkini na watu wote hawa wamekufa?" aliuuliza mtambo.

"Uliuliza kama ingewezekana. Mambo kama hayo yaliwezekana hivyo."

"Nyamizi, hiyo ni nuru tu," Pazi akasema kwa upole.

"Nuru hii imetoka wapi? Si kwenye madaftari? Kila aliyelala pale Rubeho ana mwenzake aliyelala kweli." Akanyoosha kidole, akaifuta hukumu yake ya Yumkini mezani.

"Una wazimu?"

"Ninao mpaka kesho saa sita."

Alikwenda stoo ya jikoni, akapima unga frasila mbili, ndiyo kilo thelathini na mbili, mzigo wa mpagazi mmoja tangu zamani. Akajitwika begani, akauzunguka ukumbi mara kumi, jasho likimtiririka, wapishi wakimshangaa. Alipoutua alikuwa na sheria yake: hakuna kipande cha manowari hii kitakacholizidishia bega la mtu uzito huu.

Sheria hiyo moja ikaibadili meli nzima. Boila kubwa likaondoka, likaja boila la neli, mabomba membamba mia tatu ambayo wahunzi wa mwaka 1897 waliyajua vizuri. Mzinga mkubwa ukaondoka, ukaja mzinga mdogo wa milimani unaofunguka vipande, kila kipande watu wanne kwenye mti mmoja, kila bega na fungu lake. Mabamba yakakatwa madogo madogo, ribiti zikaongezeka mara tatu, mwendo ukapungua kwa theluthi. Safari akaianzisha baada ya masika, akaweka maghala ya chakula njiani na siku ya kupumzika kila baada ya siku tano. Kusema kweli meli ilikuwa mbaya. Pazi alisema ina maungio mengi kuliko mkeka.

Kesho yake, saa sita kasoro dakika ishirini, msafara mpya ulifika Ujiji. Meli ikaungwa, ikaelea, ikafanya doria yake, na haikuvuja. Nyamizi alikuwa amemshika Pazi mkono na kuufinya bila kujua.

Walioondoka 2,340. Waliofika 2,337.

"Yumkini."

Watu walioanza kujaa mlangoni wakapiga vigelegele. Nyamizi alicheka huku machozi yakimtoka. "Na hawa watatu?"

"Homa, kabla ya Malagarasi. Ningesema wamefika wote, ingekuwa si yumkini."

"Wana majina?"

"Wawili wanayo. Mihambo, na mwanamke aitwaye Kalunde. Wa tatu, daftari liliandika mpagazi tu."

Miezi tisa baadaye roboti walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa tundu moja ubavuni mwa meli. Asubuhi hiyo mji wote ulijipanga barabarani kutoka Ujiji, maana Mzaramo alikuwa anabeba mzigo. Pazi alianza na bamba kichwani, akicheza, akiwapungia kina mama.

"Weka begani, bwana!" walimpigia kelele. "Usituaibishie meli!"

Akaliweka begani. Kilomita ya kwanza alitania kila mtu. Ya pili alitania wachache. Kuanzia ya tatu alinyamaza, na Nyamizi, aliyekuwa akitembea kando yake, hakuwahi kumwona amenyamaza hivyo tangu wajuane. Roboti mmoja wa angani akashuka kumpokea. Pazi akamfukuza kwa mkono.

Chelezoni alilitua bamba kwa uangalifu, majina matatu yaliyochongwa yakitazama juu: Mihambo, Kalunde, Mpagazi. Bega lake lilikuwa limechubuka. Nyamizi alingoja mzaha wake.

"Nyamizi," akasema, na hakuwahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu. "Kutoka Bagamoyo mpaka hapa walitumia siku ngapi?"

"Mia na ishirini, mambo yakiwa mazuri."

Pazi akageuka, akaiangalia barabara aliyoijia, kilomita zake nane. "Na kurudi, walirudi mikono mitupu?"

"Walirudi na pembe za ndovu begani."

Alikaa chini palepale, kwenye mchanga, akavua viatu. Watu walikuwa bado wanashangilia.

"Nipe maji, mtani wangu," akasema.

Nyamizi akaenda kumtekea mwenyewe.