Soda ya Huruma

Kila asubuhi Chiriku humpikia babu yake chai kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi babu huilalamikia. Ikiwa ya moto, anaunguzwa ili arithiwe upesi. Ikipoa, ameletewa maji ya kuoshea vyombo. Babu ni fundi wa makochi, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano zake.

Lakini asubuhi moja hakukuwa na chai. Babu alikuwa na saratani ya pafu, na hospitali ilitaka kumpiga picha ya mwili mzima. Tangu jana yake jioni alikuwa amekatazwa kula. Maji matupu tu.

"Saratani imeshindwa kuniua, sasa wamemtuma mjukuu anishindishe njaa?" alinguruma kwenye benchi la hospitali.

"Vumilia, babu."

"Mwenye tumbo lililojaa ndiye anayehubiri! Marehemu bibi yako asingenitesa hivi."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Mama yake, aliyewasindikiza, alipokwenda dirishani kumwandikisha babu, Chiriku alichomoa soda mkobani mwake akampa babu. Babu aliipiga mafunda, akajifuta ndevu, akawa malaika ghafla.

Baadaye mtaalamu wa picha, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alimtoboa babu kidole. Akatazama kipimo, akakunja uso.

"Sukari imepanda. Mzee, umekula au kunywa chochote?"

"Mimi? Hata mate nayameza kwa ruhusa!"

Watu walicheka. Mtaalamu hakucheka.

"Seli za saratani ni walafi wa sukari," alisema. "Tunamdunga mgonjwa sukari yenye alama, zinaigombania, na kwenye picha zinawaka kama taa. Hapo daktari anajua kama ugonjwa umekaa mahali pamoja akate, au umetambaa. Lakini ukinywa kitu kitamu, misuli nayo inaikomba sukari yetu, na uvimbe unaweza kujificha. Tutakwambia nenda nyumbani, kumbe tumekwambia nenda kaburini. Nauliza tena."

Babu alimkazia Chiriku jicho. Jicho lilisema: thubutu!

"Amekunywa soda," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyempa."

"Msaliti!" babu alifoka mbele za watu. "Nimelea nyoka, tena nyoka asiye na akili!"

Dawa ya picha, ile sukari yenye alama, haiwekwi kiporo; huisha nguvu upesi. Alidungwa mgonjwa mwingine, babu akapangiwa wiki iliyofuata. Wiki nzima hakusema na Chiriku. Aliongea na ukuta: "Ukuta, mwambie yule nyoka aniletee maji." Na Chiriku aliyaleta, huku akilia.

Siku ya picha ilipofika tena, babu alibembeleza apewe soda, akatukana, hata akajifanya kuzimia. Chiriku akaweka kikombe cha maji kando yake.

"Ukizinduka, babu, maji yapo."

Picha ilionyesha doa moja tu linalowaka. Daktari akamfanyia upasuaji, akalitoa lote.

Wodini, babu alimwita Chiriku karibu na kitanda. Sauti ilikuwa dhaifu, ulimi mzima.

"Sikiliza, wewe. Uliponihurumia, nusura uniue. Uliponisaliti, ukaniponya. Ukimuuguza mtu, fuata masharti ya daktari. Ukikosea, sema kweli palepale, hata mgonjwa akikutukana. Mgonjwa ana njaa, hana akili."

"Kwa hiyo unaniomba msamaha, babu?"

"Nani, mimi? Msamaha huombwa na wanaokaribia kufa. Mimi nimepona."