Padre Saa na Maneno Matano

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Padre Saa hunywa chai. Jina hilo alipewa na waumini. Katika miaka hamsini ya upadre, hakuchelewa misa hata mara moja. Sasa amestaafu na anaishi katika nyumba ya mapadre wazee. Mpishi wa nyumba hiyo ni mdogo wake wa kike, wa tumbo moja.

Mpishi anamjua kaka yake nje ndani, kwa hiyo aliona mapema kwamba anaanza kusahau. Kwanza aliikuta miwani ya kaka yake kwenye kopo la sukari. Kisha padre akaulizia hali ya mama yao, aliyefariki zamani. Siku moja akasoma Injili mara mbili katika misa ileile. Mpishi akanyamaza. Aliogopa kwamba wakubwa wakijua, watamzuia kaka yake kuadhimisha misa, na bila altare asingekuwa na furaha tena.

Kila mwaka muuguzi wa utafiti alifika kuwapima wazee hao kumbukumbu. Aliwasomea maneno matano, kisha akawataka wayataje baadaye. Mwaka uliotangulia, mpishi aliyasikia maneno hayo kupitia kidirisha cha jikoni kinachofunguka sebuleni. Safari hii alimkaririsha kaka yake siku tatu nzima.

Siku ikafika. Muuguzi hata hajafungua faili, padre akasema kwa sauti: "Ndoo, sindano, bustani, farasi, shati!"

"Padre, bado sijasoma," alisema muuguzi. "Halafu hayo ni ya mwaka jana."

Jikoni sufuria ikaanguka. Muuguzi akaenda huko.

"Mama, mwalimu wa tuisheni ni wewe?"

"Ni mimi," alisema mpishi, macho chini. "Nilitaka afaulu. Mkijua anasahau, mtamnyang'anya altare."

"Hapa hakuna kufaulu wala kufeli, Mama. Majibu yake ni siri yetu na yeye. Lakini ukificha, unamnyima matibabu."

"Si uzee tu huo? Ameshaniulizia hata hali ya mama yetu, aliyefariki zamani."

"Mzee kusahau jina la mtu ni kawaida. Kusahau kwamba mama yake amefariki, hapo ubongo unaweza kuwa unaumwa. Si laana, wala hakurogwa. Mpeleke hospitali mapema. Wakati mwingine chanzo ni dawa anazotumia au upungufu wa damu, na hayo hurekebishwa. Ugonjwa wenyewe ukiwepo, kuna namna ya kuishi nao vizuri."

"Sasa kwa nini mnawapima mapadre?"

"Maisha yao yanafanana, na habari zao zimeandikwa tangu seminari. Tukiwafuatilia miaka mingi, tunajifunza kwa nini huyu anasahau na yule hasahau. Jibu la uongo linatupoteza sote."

Padre alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mdogo wangu," alisema, "nimehubiri ukweli miaka hamsini, leo unanifundisha kuibia mtihani?"

Wakacheka wote watatu. Kisha mpishi akalia, na kaka yake akamshika mkono.

Wiki hiyo walienda hospitali. Daktari alikuta shinikizo la damu liko juu, akampa dawa. Alisema pia kwamba ugonjwa wa kusahau umeanza. Mpishi akabandika maandishi makubwa kwenye milango: CHOO, KANISA, CHUMBA CHAKO. Kila asubuhi hutembea na kaka yake bustanini. Padre akimuulizia mama yao, habishani naye. Humwambia, "Hebu nihadithie habari zake." Na altare hakunyang'anywa. Padre mwenzake husimama kando yake na kumwonyesha kwa kidole mstari wa kusoma.

Mwaka uliofuata muuguzi alirudi. Kati ya maneno matano, padre alikumbuka mawili.

"Leo ni tarehe ngapi, Padre?"

Padre Saa akatazama upande wa jikoni. Kwenye kidirisha cha jikoni, mpishi alikuwa na tarehe mdomoni. Akauziba mdomo kwa aproni.

"Sijui," alisema padre, kwa sauti yake ya mimbarini. "Andika hivyohivyo, binti. Hiyo 'sijui' yangu iwafae wengine."

Mpishi akafungua kidirisha chote. Wazee waliokuwa mlangoni wakingoja zamu yao wakageuka kumtazama.

"Mmemsikia?" aliwauliza, kifua mbele. "Huyo ndiye kaka yangu!"