Mwaridi Ulionukia Maziwa

Mawaridi ya Shangazi yalichanua yote kwa pamoja, mekundu, manene kama ngumi ya mtoto, na hayakuwa na harufu hata chembe.

Alikuwa amerudi kuishi kwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, baada ya mumewe kumwacha kwa kukosa mtoto. Mchana alipiga pasi kwa dobi. Akirudi, hata viatu havui, yuko uani na miwaridi yake iliyopandwa kwenye ndoo kuukuu za rangi. Aliipogoa, akainyunyizia maji ya sabuni kuua vidukari, akafukia shinani maganda ya mayai na majani ya chai yaliyochujwa. Wifi yake, Mama Bonge, alikaa mlangoni akimnyonyesha mwanawe na kumtania.

"Wifi, hayo si maua, ni vitambaa! Njoo unuse kichwa cha huyu ndiyo ujue harufu ni nini."

Shangazi alicheka, lakini neno lilimchoma. Alipobaki peke yake aliuinamia mwaridi mkubwa, akanong'ona kwa uchungu, "Yeyote aliyepo hapa, aupe harufu. Ile tamu kupita zote za nyumba hii. Aichukue popote."

Tawi moja likatikisika. Upepo haukuwepo.

Asubuhi nyumba nzima ilinukia. Lakini haikuwa harufu ya waridi. Ilikuwa ya maziwa ya uvuguvugu, ya shingo iliyotoka usingizini, ya shuka lililolaliwa. Fundi alisimama uani akavuta pumzi, kisha akaona haya mbele ya dada yake, maana ilikuwa harufu ya mkewe.

Chumbani Bonge alikuwa akipiga yowe. Mama yake alimpa titi, naye akaligeuzia kisogo. Alipomkumbatia, mtoto alijipinda kama aliyebebwa na mtu asiyemjua, akamkwaruza usoni.

"Ananiogopa," Mama Bonge alinong'ona. "Mume wangu, mwanangu ananiogopa mimi."

"Meno tu hayo."

"Si meno. Hebu ninuse."

Fundi alimnusa shingoni, akarudi nyuma. Hapakuwa na kitu. Si jasho, si sabuni. Ilikuwa kama kunusa kioo.

Mchana, mama alipogeuka kidogo tu kuchukua kijiko, mkeka ulikuwa mtupu, na kutoka uani ikaja sauti aliyoijua mno, ile sauti ndogo ya kunyonya na kumeza, kunyonya na kumeza, na alipotoka mbio alimkuta mwanawe amejipenyeza katikati ya mwaridi mkubwa, miiba imemshika mashavu na kope, matawi yanajikunja mgongoni mwake polepole kama mikono ya mtu anayebembeleza, mdomo wake umefumba juu ya ua moja na kulivuta, damu iliyochanganyika na kitu cheupe ikimtiririka kidevuni, na mtoto huyo, aliyelia tangu alfajiri bila kunyamaza, alikuwa anatabasamu.

Fundi alikuja mbio kwa mayowe ya mkewe, akayakata matawi kwa koleo, akakimbia kumwita mganga. Jioni, Shangazi akiwa amesharudi kutoka kwa dobi, akaja mwanamke mfupi mwenye kikohozi, akafukiza ubani kuuzunguka mwaridi, akauliza, "Wewe nani, na nani kakuita?"

Jibu lilitoka kinywani mwa Shangazi, kwa sauti nzito isiyo yake. "Niliombwa, nikatoa. Kosa langu liko wapi?"

Wote wakamgeukia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Wifi," Mama Bonge alisema taratibu, "ulimwambia nini?"

"Nilitaka harufu tu."

"Aliyepanda ndiye ang'oe," mganga aliamuru. "Kwa mikono mitupu."

Shangazi alishika shina, akavuta huku miiba ikimchana. Mizizi ilikuwa ya moto. Ilipoachia, kitu kililia ndani ya ndoo, kikapita juu ya paa, mabati yakanguruma, kisha kimya. Maua yote yakanyauka palepale.

Bonge, aliyekuwa mkekani, akanyoosha mikono. Mama yake akakimbilia kumpokea. Mtoto akampita akitambaa, akajitupa kifuani kwa Shangazi, akaegemeza uso wake uliochanika, akalala.

Mganga alivuta hewa, akatikisa kichwa. "Jini kaondoka. Harufu ya wifi yako kaiacha kwako. Sema tu, 'Si yangu, nairudisha,' nayo itarudi kwa mwenyewe. Lakini useme kabla jua halijazama. Likizama, ni yako moja kwa moja."

Mama Bonge alipiga magoti. "Wifi yangu. Dada yangu. Sema."

Mtoto alikuwa mzito, wa moto, mkono wake mdogo umeng'ang'ania ukosi wa gauni. Shangazi hakuwahi kushikwa hivyo na mtu yeyote maishani mwake. Ukutani mwanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba, nao ulikuwa ukipanda.

"Dada," Fundi alisema, akionyesha ukutani, "jua hilo."

"Shhh," Shangazi akasema. "Mtamwamsha."