Boti Iliyosubiri Ukaguzi

Sogezeni viti, watu wa Kyebando, na ninyi wa Ggaba mnaonukia samaki kwa heshima zote. Nina habari ya nyumba moja iliyopata boti, na msicheke mapema.

Ilikuwa Jumapili tulivu. Ziwa lilitanda kama bati jipya, na kando ya gati pale Ggaba ilielea boti nyeupe ya injini, yenye chumba cha kulala, jiko dogo, na choo ambacho hakuna binadamu aliyekitumia tangu boti ibadili mikono. Nyuma yake iliandikwa kwa rangi ya dhahabu: JOSKA. Mwenye boti, Afande Ocira, alikuwa amepiga magoti akisugua reli, kile chuma cha kushikilia ukingoni. Mkewe, Joska mwenyewe, alikaa gatini kwenye kiti cha plastiki akimtazama. Picha safi, ya kuweka kwenye kalenda.

Tatizo ni kwamba Jumapili iliyotangulia walikuwa vivyo hivyo, na ile iliyotangulia hiyo pia.

Ocira alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi, lile tarumbeta kubwa linalomeza mtu mpaka mabegani. Huko bendini kuna sheria: chombo hakipigwi kabla ya kukaguliwa. Mkubwa hupita mbele ya mstari amevaa glavu nyeupe, anagusa shaba, anaitazama glavu. Ikiwa na doa, utakula ugali wako umesimama. Ocira aliishi hivyo ujana wake wote. Alipostaafu, alitumia kiinua mgongo chake kununua boti kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akamwambia mkewe, "Mama Aciro, nikimaliza kuiweka sawa, nitakupeleka ziwani."

Joska alifurahi kuliko alivyoonyesha. Yeye ni mtu wa Kitgum, nchi kavu, na miaka yote aliyokaa katika kambi za polisi aliliona ziwa kutoka mlimani tu, jembamba kama utepe. Alitaka jambo moja: kuiona Kampala kutoka majini, vilima vyake vyote kwa pamoja, ikiwa mbali na haimwamrishi kitu.

Lakini boti, ndugu zangu, ni mgonjwa asiyepona. Leo magugu maji yamejisokota kwenye propela. Kesho betri imelala. Pampu ya kutolea maji inakohoa, ukungu wa kijani unaota tumboni chini ya maji, vijidudu vya ziwani vinakuja kama moshi na kufia kwenye kioo. Halafu wako kaloli, wale ndege warefu wenye upara na sura ya mwalimu wa zamu, ambao wanaweza kujisaidia popote Uganda nzima lakini huchagua chombo kilichotoka kuoshwa. Ocira alipambana na hao wote. Kila asubuhi aliiwasha injini, akaisikiliza, akaizima, kisha akarudi kwenye shaba zake. Mito ya kukalia aliifunga ndani ya nailoni. Na hakuna mguu ulioruhusiwa kupanda, hata ule wa Joska, kwa kuwa njia ya gatini ina vumbi. Chakula alichomletea kilipita juu ya maji kutoka mkono hadi mkono. Mume akala upande wake, mke upande wake, kama nchi mbili zenye mpaka.

Aliyempa Joska kile kiti ni Namalwa, Mkenya anayeuza samaki pale gatini, mwanamke asiyeogopa afande wala jenerali. Siku moja alipaza sauti soko zima lisikie:

"Afande, wewe unapenda Joska gani? Huyu wa rangi ama huyu wa kiti?"

Watu walicheka mpaka sangara wakateleza kutoka mezani. Ocira naye alicheka kidogo, kisha akaona doa kwenye reli.

Sasa acheni kucheka.

Joska alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Akajigonga kwenye mlango alioupita nusu ya maisha yake. Binti yao Aciro alimpeleka hospitali ya Mulago, na daktari akawaeleza polepole kwamba ni presha ya macho, kwamba imekaa sana bila kujulikana, kwamba dawa ya matone itapunguza mwendo wake lakini kilichokwisha kuondoka hakirudi. Joska hakulia. Jumapili iliyofuata alikuja gatini akiwa ameshika mkono wa Aciro, akakaa kwenye kiti chake.

"Baba Aciro," alisema, "nakuona kama kwenye tundu la ufunguo. Nipeleke leo."

Ocira alisimama na kitambaa mkononi. Nataka mjue kwamba alimpenda. Usiku hakulala tangu habari ile ya Mulago. Lakini alipoitazama boti, hakuona kitu cha kumpeleka mke. Aliona kaloli alivyoacha muhuri wake juu ya paa, na rangi ya dhahabu iliyobanduka kwenye herufi O. Alitaka iwe kamili kwa ajili yake. Ndilo jambo la kuhuzunisha: alichelewa kwa sababu ya heshima.

"Wiki ijayo," alisema. "Nikimaliza hii rangi."

Aciro alifungua mdomo. Mama yake akamfinya mkono, naye akaufunga mdomo.

Rangi ilikauka, mvua ikaja. Mvua ikaondoka, pampu ikagoma. Pampu ikapona. Hatimaye, asubuhi moja, Ocira alivaa glavu nyeupe za bendi, akapitisha kidole kila mahali, akaitazama glavu. Haikuwa na doa. Akapanda bodaboda mpaka nyumbani Kyebando kumchukua mkewe, na akamkuta ameketi barazani uso umeelekea ukutani, kwa kuwa hakujua tena ukuta uko upande gani.

Alimpeleka hivyo hivyo. Alimbeba mikononi kumvusha kutoka gatini, viatu vyake vyenye vumbi vikiwa miguuni, na Namalwa, safari hii, akakisogeza kile kiti kuwapisha. Joska alikaa juu ya nailoni, nayo ikalia chini yake. Walikwenda mpaka sauti za Ggaba zikafifia. Ocira akazima injini.

"Tumefika?" Joska aliuliza.

"Tumefika."

"Basi niambie unaona nini."

Ocira alifungua macho yake mazima. Mbele yake kulikuwa na Kampala yote, vilima juu ya vilima. Akatafuta maneno. Macho yake yalikimbilia pale yalipozoea.

"Reli," alisema. "Reli imerukiwa na matone."

Joska alinyoosha mkono, akaitafuta ile reli, akaipapasa kwa muda mrefu.

"Imesuguliwa vizuri," alisema. "Turudi nyumbani."

Siku hizi Ocira humwomba kila Jumapili waende tena. Amejifunza kutazama, anaweza kukutajia rangi ya kila kilima. Joska hajamkasirikia. Yuko katika kujifunza nyumba yake kwa vidole, ndoano za vikombe, kona ya kitanda, idadi ya hatua mpaka jikoni, na hilo ni jambo analotaka kulifanya peke yake.

"Nikimaliza, Baba Aciro," humjibu kwa upole.

Basi yeye huenda Ggaba peke yake. Hapandi. Hukaa gatini kwenye kile kiti cha plastiki, akiitazama boti inavyong'aa, na kaloli wakitua juu ya paa hawafukuzi.

FUNZO

Wazazi, wastaafu, na ninyi wenye makochi ambayo wageni hukalia na watoto wenu hukatazwa: tunzeni mali, ndiyo, kwani boti isiyotunzwa huzama. Lakini chunguzeni mnamngoja mkaguzi gani. Ocira alimngoja mkubwa mwenye glavu nyeupe miaka na miaka, na mkaguzi wake alikuwa amekaa mbele yake kila Jumapili kwenye kiti cha kuazima, hajali madoa. Mpandishe wako akiwa na vumbi miguuni. Vumbi hufutika.