Mikono Nyuma

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake, Mama alifungua chumba cha uani. Kilikuwa karakana ya marehemu mumewe, fundi baiskeli. Alijaza maji kwenye beseni, akatia sabuni, akachukua kitambaa. Kisha alishusha zana ukutani moja moja: spana, koleo, tupa, msumeno wa chuma. Kila moja aliifuta kwa maji ya sabuni, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kisha aliirudisha kwenye msumari wake. Nyuma ya kila zana palikuwa na umbo lake, ambalo mumewe alilichora kwa rangi nyeupe ili kila kitu kijue kwao.

Rafu ya juu hakuifikia. Alivuta stuli fupi na pana iliyokaa chini ya meza, akaikanyaga.

Binti yake mkubwa alimtazama kutoka mlangoni. Nyumbani wote walimwita Dada, hata Mama mwenyewe. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akisomea uhandisi. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mikono ameifunga nyuma.

"Kitambaa kinatoka chekundu tena," Mama alisema. "Vumbi la barabara hii halina adabu."

Dada alitazama ukuta wa zana. Akili yake ilikuwa mbali. Zamani chumba hiki kilinukia grisi na gundi ya mipira. Baba alipiga mluzi huku akizungusha gurudumu na kulisikiliza, sikio karibu kabisa na spoki. Watoto wa mtaa walijaa mlangoni, na yeye aliwaambia maneno mawili tu, bila kuinua kichwa: "Mikono nyuma." Walitii wote, lakini Dada aliwashinda. Wenzake walichoka, wakaenda kucheza. Yeye alibaki, mikono nyuma, macho kwa baba.

"Nikikua nitashika?" alimwuliza siku moja.

"Ukikua utashika mpaka uchoke."

Baba alifariki kabla Dada hajakua.

Uani palisikika kishindo. Mdogo wake alikuwa ametua dumu la maji. Huyo waliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa tumboni baba yao alipofariki.

"Shingo yangu inaingia ndani kama ya kobe," Chiriku alilalamika. "Mkiamka siku moja mkakuta kichwa kimekaa juu ya mabega, msiniulize."

"Acha kutia chumvi," Mama alisema.

"Siku hiyo mtanunua mashati yasiyo na kola."

Dada alicheka. Lakini lile neno la shingo lilimkaa moyoni.

Chuoni kulikuwa na ukumbi ulioitwa karakana ya ubunifu. Humo wanafunzi walitengeneza kwa mikono yale waliyojifunza darasani kwa kalamu. Kulikuwa na meza ndefu, mashine ya kutobolea matundu, mashine ndogo ya kuchapa vitu vya plastiki, na lundo la maboksi, mbao na vyuma chakavu. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kujaribu na kukosea, mradi amevaa miwani ya kazi na kufunga nywele. Mwisho wa mwaka kila kundi lilitakiwa kuonyesha kitu kimoja kinachofanya kazi. Kundi lisilo na kitu lingerudia mwaka.

Kundi la Dada lilikuwa na watu watatu. Yeye ndiye aliyetoa wazo: kitoroli cha kubebea madumu ya maji. Alikichora vizuri hata wanafunzi wa mwaka wa pili wakaja kutazama. Hesabu zake hazikuwa na doa. Lakini ilipofika kazi ya kukata na kutoboa, alirudi nyuma hatua moja, akafunga mikono mgongoni.

"Mheshimiwa mkaguzi ameshafika," mwenzake mmoja alimtania. "Jamani, fanyeni kazi vizuri."

Dada alicheka nao. Ndani aliumia. Kila aliposogeza mkono karibu na zana, ulikuwa kama unaguswa na mtu, nao ukarudi wenyewe.

Wenzake walikata magurudumu ya mbao, wakatoboa katikati kama mchoro ulivyoonyesha. Lakini ekseli, yaani ile fimbo ya chuma inayobeba magurudumu, ilikataa kuingia. Yule mtani alichukua nyundo, akaigonga mpaka ikapita. Wakajaribu kuzungusha gurudumu. Lilikaa kimya kama limepigiliwa misumari.

"Mchoro wako mzuri, mkaguzi," yule mwenzake alisema, safari hii bila utani. "Ila gari lenyewe ni sanamu."

Siku hiyo Dada alirudi nyumbani miguu mizito. Mama alikuwa anashona gauni la jirani.

"Mama, nataka kuhama kozi. Niende uhasibu."

Cherehani ilisimama. "Uhasibu? Wewe uliyelia siku nzima ulipopata barua ya uhandisi?"

"Nililia kwa furaha nikidhani nitakuwa kama Baba. Kumbe mimi ni wa kutazama tu."

Kabla Mama hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa yule jirani, amekuja kujaribu gauni lake. Jirani huyo ndiye mwalimu wa karakana ya ubunifu. Wanafunzi walimwita Mama Bisibisi, kwa sababu alichomeka bisibisi kwenye nywele, kisha akaitafuta karakana nzima.

"Shikamoo, mwalimu," Dada alisema, macho chini.

"Marahaba. Nimesikia kitoroli kimegoma."

Dada alieleza. Fimbo ya ekseli ilikuwa na upana wa milimita kumi na mbili. Tundu nalo milimita kumi na mbili. "Nimepima mara nyingi, mwalimu. Vinalingana kabisa."

Mama alikuwa amemvalisha jirani gauni, pini mdomoni. Alizitoa. "Vinalingana kabisa? Halafu mtu apumue wapi?"

Wote wawili walimgeukia.

"Mimi sijui vyuma," Mama aliendelea. "Ila kifua chake nikikipima, sikati nguo sawa na kifua. Naongeza kidogo. Nisipoongeza, akiinua mkono tu, nguo inachanika. Kiunoni ndipo ninapobana, kwa sababu pale hapazunguki kitu."

Mama Bisibisi alicheka mpaka pini zikamchoma. "Ningekuwa na huyu darasani, ningepumzika. Dada, umesikia? Panapokaza, vilingane. Panapozunguka, acha nafasi. Nusu milimita yatosha. Na kumbuka unabeba maji. Mbao ikilowa huvimba, nafasi yako ikaliwa. Ungefanyaje?"

Dada alifikiri. "Ningeweka kipande cha bomba la chuma ndani ya tundu. Bomba libane kwenye mbao. Ekseli izunguke ndani ya bomba, na grisi kidogo."

"Basi tatizo lako si akili. Kwa nini hukujaribu kwanza kwa boksi na kipande cha mbao chakavu? Kosa la boksi halimwumizi mtu."

"Siwezi kushika, mwalimu. Mikono inarudi nyuma."

Mama aliposikia hivyo alikaa chini polepole. Akaeleza habari ya mumewe na watoto wa mlangoni. Akamalizia: "Na mimi baada ya kufiwa sikumruhusu mtu kugusa zana zake. Karibu uone. Nimezitunza kama mboni ya jicho."

Wakaenda chumba cha uani. Mama Bisibisi alishusha tupa, akapitisha kidole. Kidole kilirudi chekundu.

"Jirani, cherehani yako unaifuta kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta. Kila asubuhi."

"Huifuti kwa maji ya sabuni?"

"Nani anaosha cherehani kwa maji? Itaota ku..." Mama hakumaliza. Alitazama beseni. Alitazama kitambaa chekundu kilichoanikwa dirishani. "Kumbe si vumbi."

Alikitoa kitambaa dirishani, akakikunja kiganjani.

"Mikono ya marehemu ilikuwa na mafuta siku zote," Mama alisema. "Nilimgombeza kila jioni anawe. Nilitaka vitu vyake viwe safi. Kumbe nimeviua mwenyewe."

"Hujaviua," Mama Bisibisi alisema kwa upole. "Kutu imeshika juu tu, ndani chuma ni kizima. Isugue kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta mepesi. Kisha zana zitumike. Mtumiaji huiona kutu mapema."

Mama alitoka. Alirudi na kile kikopo chake cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu. Hakumpa jirani. Alimpa Dada.

"Baba yenu alisema mikono nyuma kwa sababu mlikuwa wadogo na tupa haijui mtoto. Hakusema milele. Mimi ndiye niliyeendeleza." Akaongeza, "Funga nywele."

Dada alifunga nywele. Alishika brashi, akasugua tupa. Vumbi jekundu lilianguka, na chini yake chuma cheusi kikatokea, meno yake makali kama zamani. Harufu ya mafuta ilipanda. Alifumba macho kidogo. Kwa muda mfupi tu, chumba kilikuwa na mluzi.

Wiki zilizofuata alikuwa wa kwanza kufika karakana ya ubunifu. Gurudumu la kwanza lilikuwa la boksi, likakunjika. La pili lilikuwa la mbao chakavu, likayumba kama mlevi, kwa sababu tundu halikukaa katikati. Aliuliza, akapima upya, akatoboa tena. Alikata bomba kwa msumeno wa Baba, akalainisha kingo kwa tupa yake. Yule mtani alimshikia bomba lisiteleze.

"Mkaguzi, una malengelenge," alimwambia.

"Nayaona. Usiyaguse, ni yangu."

Siku ya maonyesho walipakia madumu yaliyojaa kwenye kitoroli. Mama Bisibisi alisimama kando, bisibisi kichwani. Chiriku, aliyekuja na Mama, aliitwa akisukume mwenyewe mpaka juu ya mteremko wa chuo. Watu walisubiri. Magurudumu yalizunguka bila kelele.

"Shingo yangu imerudi," Chiriku alitangaza kule juu. Watu waliangua kicheko. Kundi lilifaulu, na Dada hakutaja tena uhasibu.

Tangu hapo chumba cha uani kilifunguliwa kila Jumamosi kwa kazi. Beseni lilirudi jikoni. Asubuhi moja Dada aliona stuli ya Mama imelegea mguu. Akaiweka mezani aitengeneze. Alipokwangua uchafu wa miaka, yakatokea matundu manne yaliyopangika vizuri. Kuyazunguka kulikuwa na mstari mweupe, umefifia kwa kukanyagwa.

Alilitambua umbo lile. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na jiliwa ndogo ya kubania vyuma, ambayo haikuwahi kuwa na msumari wala mahali pake. Aliishusha, akaiweka juu ya mstari. Matundu yakalingana.

"Mama, njoo."

Mama alipitisha kidole kwenye mstari. "Aliitengeneza akiwa tayari anaumwa," alisema. "Nilimwuliza, stuli gani pana hivi. Akacheka tu. Akasema kuna mtu anakua."

Dada alikaza mguu, akafunga jiliwa kwa nati nne, akaishusha stuli sakafuni. Kumbe stuli ile ilikuwa meza ya kazi ya mtoto, na kwake ilikuwa fupi sana sasa. Alimwita Chiriku, akamkalisha juu ya dumu tupu. Jiliwa ikaja sawasawa na kiwiko chake.

"Mikono nyuma," Mama alisema, kwa mazoea.

Chiriku alitii. Dada alimfunga nywele. Akamvalisha miwani, akabana kipande cha chuma, akachukua tupa.

"Sasa ilete mbele."

"Yote?"

"Yote miwili."

Mama alirudi kwenye cherehani. Alikuwa ameshakanyaga pedali sauti ya tupa iliposikika kutoka uani, ya kusitasita, ikikwaruza, ikinyamaza, ikianza tena. Aliacha kushona, akasikiliza.

Kisha akaita, "Sogea karibu na mwanga, mwanangu." Akaendelea na kazi.